Serikali ikisimamisha chanjo ya polio, mtoto atakayepooza ni dhima ya nani?

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Naufungua mjadala huu kwa sababu kwenye barza zetu hapa Mombasa, kuanzia Kibokoni mpaka Kisauni, nawasikia watu wazima wakisifu jambo ambalo mimi naliona ni hatari. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba Taliban wamesimamisha kampeni ya chanjo ya polio Afghanistan. Kuna wenzetu waliofurahi, wakasema angalau wametokea watu wa kuwakatalia wazungu. Kuna waliosikitika, maana Afghanistan na jirani yake Pakistan ndizo nchi mbili ambazo virusi vya asili vya polio havijawahi kukatika. Baadaye chanjo ilirudi kule, lakini watoto wapelekwe msikitini au mahali pa pamoja, bila wahudumu kupita nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo nauliza: serikali ina haki ya kuisimamisha chanjo ya polio kwa kuwa wananchi wana shaka nayo?

Langu nalisema mapema. Kuichunguza chanjo ni haki ya serikali, tena ni wajibu wake. Kuisimamisha bila kutaja siku ya mwisho, na bila kumpa mtoto kinga nyingine wakati uchunguzi unaendelea, hiyo ni dhuluma kwa mtoto.

Wanaosema "isimamishwe tu, kuna hasara gani?" nawaomba waitazame Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2003 viongozi wa dini, akiwamo Dkt. Datti Ahmed wa Baraza Kuu la Sharia la nchi ile, walisema matone ya chanjo yametiwa dawa ya kuzuia uzazi na virusi vya Ukimwi. Serikali ya jimbo chini ya Gavana Ibrahim Shekarau ikasimamisha chanjo. Ikabishaniwa, zikapelekwa sampuli nchi za nje kupimwa, na karibu mwaka mzima ukapita. Julai 2004 chanjo ikarudi, safari hii ikitoka Indonesia, nchi ya Waislamu, na gavana mwenyewe akampa binti yake matone mbele za watu.

Mtu ataniambia, basi si yaliisha vizuri? Hayakuisha vizuri hata kidogo. Polio ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: katika watu 200 wanaoambukizwa, ni mmoja hivi ndiye anayepooza. Wengine wote hawana dalili, au wanapata homa kidogo inapita, lakini virusi vinatoka na choo chao na kuingia kwenye maji na mikononi mwa wengine. Ukimwona mtoto mmoja mguu umelegea, ujue mamia wamekwisha kuambukizwa mtaani. Hivyo ndivyo virusi vilivyotoka kaskazini mwa Nigeria vikazunguka nchi takriban ishirini. Vilifika Sudan, Saudi Arabia, Yemen, na mwaka 2005 vikafika Indonesia, nchi ileile iliyowatengenezea Kano chanjo, vikapoozesha watoto zaidi ya 300.

Na vilifika mlangoni petu. Mwaka 2005 vilikuwa Somalia. Mwaka 2006 mtoto alipooza katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na Kenya ilikuwa imekaa zaidi ya miaka ishirini bila kuiona polio. Mwaka 2013 ikarudi tena kwa njia ya Somalia. Mabasi ya Garissa yanaingia Mombasa kila siku. Sisi ni mji wa bandari, wa mahujaji, wa madereva wa malori wanaovuka mpaka wa Lunga Lunga. Anayedhani serikali ya mbali ikisimamisha chanjo ni shauri lao wenyewe, naona hajautazama mji anaoishi.

Hata hivyo sitakubali wenye shaka waitwe wajinga. Kila nikisikia afisa wa afya akisema "hawa hawajasoma" naumia, kwa sababu shaka hii ina asili yake, na wenye makosa walikuwa watu waliosoma sana. Kule kule Kano, mwaka 1996, wakati wa janga la homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa yake ya Trovan. Walikuwa watoto 200, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine. Kumi na mmoja walikufa na wengine wakabaki na ulemavu. Kampuni ilikana kwamba dawa ndiyo sababu, lakini wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio, kesi zikadumu miaka, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kuimaliza kesi na jimbo. Mzazi aliyeyaona hayo, miaka saba baadaye anabishiwa hodi na mtu mwenye kijisanduku cha barafu cha kubebea chanjo. Ungemtarajia afanye nini?

Pakistan nayo. Mwaka 2011 shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lilimtumia daktari aendeshe chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad ili kumsaka Osama bin Laden. Mwaka uliofuata kiongozi wa wapiganaji wa Waziristan Kaskazini akapiga marufuku chanjo ya polio mpaka ndege za Marekani zisizo na rubani ziache kushambulia. Wahudumu wa chanjo, wengi wao wanawake, wakauawa kwa risasi. Mimi nawalaani wauaji, na nawalaumu pia waliolivaa joho la daktari kwa kazi ya ujasusi. Dhambi hiyo watoto wameilipa.

Na tusidhani haya ni ya Waislamu peke yao. Hapa kwetu, mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki waliipinga chanjo ya pepopunda, na mwaka 2015 wakawataka waumini waisusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe. Serikali haikusimamisha. Wakati ule niliona maaskofu wanakosea kusema watu wasusie. Bado naona hivyo, ingawa kudai vipimo huru ilikuwa haki yao.

Sasa nije kwenye hoja nzito kuliko zote, ambayo watetezi wa chanjo hupenda kuiruka. Matone yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo vinaweza kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, vikabadilika, vikarudisha nguvu ya kupoozesha. Ni kweli, na Kenya imeviona. Mwaka 2018 vilipatikana kwenye maji taka ya Eastleigh, Nairobi, na mwaka 2024 vikaonekana kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mzazi akiuliza habari hii, ajibiwe ukweli mtupu. Akidanganywa leo akagundua kesho, hatamwamini tena mtu yeyote mwenye koti jeupe.

Lakini itazameni hoja hiyo mpaka mwisho wake. Virusi hivyo vinapata nafasi pale ambapo kinga ya watoto ni ndogo. Mtaa ambao karibu watoto wote wamepata matone, havina pa kupitia. Kwa hiyo anayesimamisha chanjo kwa kuogopa virusi vilivyogeuka anavifungulia njia. Anayeogopa matone ana jambo bora la kudai: sindano ya polio, ambayo virusi vyake vimeuawa na haviwezi kumpoozesha mtu. Kenya inaitoa tangu Desemba 2015, mtoto akifika wiki 14, pamoja na matone anayopewa akizaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Na tangu 2021 yapo matone mapya ya kukinga aina ya pili ya virusi vya polio, yaliyotengenezwa yasigeuke kwa wepesi. Haya ni madai ambayo kiongozi anayewajali watoto angeyapigania.

Kuna na kusimamisha kwa namna nyingine, ambako hatukupigia kelele. Katikati ya 2025 matone ya polio na chanjo ya kifua kikuu yaliadimika nchini. Hapakuwa na fatwa wala marufuku, ila mama aliyekwenda kliniki na mtoto mgongoni alirudi nyumbani kitabu chake kikiwa hakikujazwa. Kwa mtoto, tofauti ya serikali iliyokataza na serikali iliyokosa kuagiza ni ipi? Kuhusu Afghanistan tulibishana mpaka usiku. Kuhusu kliniki zetu tulinyamaza, na mimi hilo linaniuma zaidi kuliko la Taliban.

Polio haina dawa. Kiungo kikishapooza ndiyo basi, na misuli ya kupumulia ikipooza mtu hufa. Nendeni Bombolulu, kwenye karakana za watu wenye ulemavu, mkaongee na wazee waliopooza utotoni kabla chanjo haijawafikia. Waulizeni wao kama chanjo isimamishwe.

Basi karibuni. Mnaounga mkono kusimamisha, nataka mnitajie muda: wiki, mwezi au mwaka? Nani atapima, maabara ipi, na majibu yatabandikwa wapi tuyasome? Na mtoto akipooza katika muda huo, nani atamlea? Mashekhe wetu, mngekubali kukaa na madaktari wa kaunti baada ya sala ya Ijumaa, watu wakauliza lolote bila kukemewa? Na nyinyi mama wauguzi wa Tononoka, Likoni na Mkomani, mnaoshika watoto kila siku, tuambieni ni swali gani akina mama wanaliuliza zaidi, na ni lipi hamjapewa jibu lake.