Pendo amepewa siku 60

*Kikundi: Familia ya Shosho, Nairobi*

Anti Rose: Habari za jioni nyote. Pendo amenipigia kutoka Leeds akilia. Pale anapotunza wazee, mwajiri amenyang'anywa leseni ya kuajiri wageni. Barua ya uhamiaji ikimfikia ana siku 60 kupata mwajiri mwingine, la sivyo aondoke Uingereza.

Mercy: Woi, pole sana Pendo 😢 Shosho anasema niandike: arudi nyumbani, chumba chake kipo.

Anko Peter: Mama, nakuelewa. Lakini mkopo wa sacco tuliomlipia wakala bado haujaisha, na mdhamini ni mimi. Akirudi leo anarudi na deni.

Anti Rose: Na watu wa kanisa watasema ameshindwa maisha.

Dennis: Anti, hiyo mimi siikubali. Kuna watafiti, Bijwaard na Wahba, walifuatilia wahamiaji waliotoka nchi zinazoendelea kwenda Uholanzi, wakachapisha mwaka 2014. Waliokuwa wepesi kuondoka ni wenye kipato cha chini kabisa na wenye kipato cha juu kabisa. Wa katikati ndio wanaobaki. Kwa hiyo ndege moja ikitua JKIA inaweza kumshusha aliyekosa kazi na aliyetosheka na akiba yake, na sisi wote tunawauliza wametuletea nini.

Anko Peter: Hapo umesema kweli. Mimi Doha nilitoka kwa hiari. Nilitaka ploti ya Kitengela na karo yenu, vikatimia, sikuongeza mkataba. Tena sheria ya Qatar inampa mfanyakazi kiinua mgongo, angalau mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka aliofanya kazi. Hizo ndizo zilifungua duka. Pendo akitoka sasa hana cha kuanzia.

Pendo: Nimesoma yote. Shosho, asante, nimelia tena. Mshahara kwa saa si mbaya, shida ni kwamba walinipa saa chache, na kodi ya nyumba haingoji. Lakini sikieni: tangu Julai 2025 hawachukui tena watu wa kazi hii kutoka nje. Sisi tulio ndani tunaruhusiwa kuhamia mwajiri mwingine hadi Julai 2028. Nikitoka, kwa njia hii sirudi.

Anti Rose: Kumbe! Basi usikate tiketi.

Anko Peter: Sacco nitalipa mimi hadi upate kazi. Usikubali kazi ya kujificha kwa sababu ya deni langu. Na wenye karo na harambee, kwa sasa mnipigie mimi, si yeye.

Mercy: Sawa anko. Ile ya graduation yangu nimeifuta.

Pendo: Asanteni jamani. Alhamisi nina mahojiano Bradford, nyumba ya wazee yenye leseni. Dennis, nikutumie CV uiangalie?

Dennis: Tuma sasa hivi, niko macho. Na uweke barua za wale wazee wawili waliokusifu.

Mercy: Shosho anauliza kama umekula.