Wuthering Heights: aliyegonga dirisha ni mzimu kweli ama ni ndoto? Waliosoma njooni

binti_mkomani
Assalam aleikum jamani. Mimi nafanya kazi gesti moja hapa Shela, Lamu, wageni wakiondoka huacha vitabu, kuna shelfu zima limejaa. Mwezi wa saba huu nikaokota Wuthering Heights, kimevimba kwa maji ya chumvi na mchanga umeganda katikati ya kurasa, nikadhani ni mambo ya mapenzi tu nikasema wacha nipitishie usiku. Wallahi sikulala.

Kwa ambao hawajasoma, ni cha Emily Brontë, kilitoka 1847 huko Uingereza. Bwana mmoja mpangaji anaitwa Lockwood anakwama kwa theluji nyumbani kwa mwenye nyumba wake, Heathcliff, analazwa chumba ambacho mwenyewe Heathcliff hataki mtu alale. Usiku anasikia tawi linagonga kioo, anapasua kioo ili alishike, badala ya tawi anashikwa na vidole vidogo vya baridi! Sauti inalia niingize, niingize, inasema imetangatanga miaka 20. Sasa yule bwana kwa woga anauvuta ule mkono kwenye kioo kilichopasuka anausugua mpaka damu inalowesha matandiko. Hapo nilipofika upepo wa kusi ulikuwa unavuma na dirisha langu la mbao likaanza kugongagonga, nikabeba mto wangu nikaenda kulala kwa mama.

Lakini kilichonimaliza si hicho, ni kile kinachofuata. Heathcliff anapohadithiwa hakimbii wala hasomi dua, anamtoa mgeni chumbani, anafungua dirisha kwa nguvu, analia kama mtoto, Cathy ingia, ingia japo mara moja. Na Cathy, yule mwanamke aliyempenda, alishakufa zamani.

Sasa swali langu. Dada yangu anasema haya ndiyo mapenzi ya kweli. Mimi naona hii ni habari ya jini mahaba kabisa. Bibi yetu alikuwa akituambia jini mahaba hakuchukii, anakupenda, tena anakupenda kuliko mumeo, ndio maana kila posa inavunjika na kila anayekukaribia anaumia. Mtazameni Heathcliff halafu mniambie tofauti iko wapi. Na Cathy kabla ya kufa anamwambia Nelly, yule mtumishi anayesimulia, kwamba yeye mwenyewe ndiye Heathcliff. Mtu mzima wa akili timamu husema hivyo? Hayo ni maneno ya mtu aliyepandwa, kinywa ni chake lakini anayesema ni mwengine.

Nyinyi mwaonaje, mzimu upo ama haupo, na haya ni mapenzi?

mamaZe_maweni
Waaleikum salaam binti. Mie nilikisoma nikiwa na mimba ya kwanza hapa Malindi na nilikitupa nusu, nikaja kukimaliza miaka baadaye kwa hasira tu. Haki hayo si mapenzi na mwambie dada yako. Usiku Heathcliff anaomtorosha Isabella, wifi yake Cathy, amuoe, kile kimbwa cha Isabella anakitundika kwa kitambaa kwenye ukuta wa bustani, Nelly ndiye anayekikuta kinatapatapa akakifungua. Na Isabella alikuwa hajafanya kosa lolote ila kupenda! Ndoa ikawa mateso mpaka akakimbia, akaenda kumzaa mtoto ugenini. Sasa mtu akiniambia huyu bwana ana moyo laini sababu analia dirishani namuuliza, je wale walio hai waliokuwa wakimlilia yeye?

Tena msimsingizie jini. Nimeona wanaume wa namna hiyo wakitetewa na ukoo mzima ati ana kitu kimempanda, apelekwe akapungwe, na mke anaambiwa avumilie. Shoga yangu mmoja alivumilia miaka sita. Kitabu chenyewe kimeandikwa vizuri hilo sikatai, ila nataka msomaji akifunga ajue ni nani aliyeumizwa.

kaka_wa_gede
Mimi upande wa mzimu niko na binti_mkomani mia kwa mia. Nimekulia Gede, karibu na magofu ya ule mji wa kale, tulikuwa tukienda kuangalia tumbili na kutafuta maembe. Mchana hakuna shida unapita kwenye ule msikiti mkubwa, kaburi lenye tarehe, 802 ya Hijria yaani 1399, unaona ni mawe tu. Jua likielekea kutua hapo ndipo miguu inajua yenyewe njia ya nyumbani hakuna mtu aliyekwambia twende.

Na si sisi watoto peke yetu. James Kirkman yule Mwingereza aliyechimbua Gede kuanzia 1948 hadi 1958, msomi wa mambo ya kale, aliandika kwamba alipoanza kazi alikuwa akihisi kuna kitu kinamchungulia kutoka nyuma ya kuta, si adui si rafiki, kinangojea tu jambo ambalo chenyewe kinajua litatokea. Hicho kungojea ndicho kinachotisha kwenye hiki kitabu. Cathy hatoki na meno wala hamkabi mtu koo. Anataka aingie kwao! Chumba ni chake, jina lake amelikwaruza kwenye mbao za dirisha, na yuko nje kwenye baridi. Nilimuonea huruma kuliko kumuogopa.

Vitabu vingi vya mizimu na mapenzi nimesoma kwa simu, vile vya sehemu ya 1 mpaka ya 90, jini anatokea sehemu ya 3 mzuri ana macho ya kijani na ana gari, basi hofu imeisha.

mwalimu_mstaafu
Wanangu mmenikumbusha mbali. Niwaulize, katika hadithi hiyo fumbo ni lipi? Mwashindana juu ya mzimu na mimi naona mzimu si fumbo. Sisi wa pwani jini hatushangai naye, mtu akipotea ni jini, mashine ya boti ikizima ni jini, kwa hivyo mwandishi akinifikisha ukurasa wa mwisho akaniambia ni jini hajanipa kitu, nilishasema mwenyewe ukurasa wa 10. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alilijua hilo, ndipo katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, akamleta Bwana Msa, yule mpelelezi wake, na kiko chake awakalishe watu kitako wafikiri.

Fumbo la Heathcliff ni hili. Aliokotwa mtoto mtaani Liverpool, hana jina hana kwao. Alipomsikia Cathy akisema kuolewa naye ni kujishusha, alisikia kipande tu akaondoka, asingoje sehemu ya pili ambapo anasema anavyompenda. Akapotea miaka mitatu. Karudi ana pesa, kavaa vizuri, anazungumza kibwana. Alikuwa wapi? Kitabu kizima hakisemi. Halafu ile nyumba aliichukuaje? Kwa kamari na rehani, kaka yake Cathy mlevi akawa anaweka rehani ardhi kipande kwa kipande. Hapo hapana uchawi binti yangu, ni karatasi. Mamaze kasema kweli.

Na jambo la pili, yote hayo anatusimulia Nelly, naye ana mapenzi yake na chuki zake. Msome tena mkimtilia shaka yeye.

dau_la_jioni
Mimi sijasoma, nauliza tu kama kinaazimika? Niko Langoni.

binti_mkomani
@dau_la_jioni kinaazimika, njoo jeti ya Shela jioni ukiuliza binti wa vitabu utaonyeshwa. Usikilowanishe zaidi.

Mamaze nimekusoma na nimenyamaza kidogo. Sikufikiria hilo la mke kuambiwa avumilie sababu ni jini. Dada yangu pia nimemsomea, hakujibu.

Mwalimu shikamoo. Nimerudi usiku huu kwa Nelly kama ulivyosema na nimekuta kitu. Mwisho kabisa Heathcliff akishazikwa, Nelly anakutana na mtoto wa kiume na kondoo mmoja na wanakondoo wawili, mtoto analia, anasema Heathcliff na mwanamke wako pale mbele na hathubutu kupita, na kondoo nao hawataki kwenda. Nelly anatuambia ni mawazo tu ya mtoto aliyesikia hadithi nyingi. Nikasema haya, jibu la Bwana Msa hilo. Halafu papo hapo anasema na yeye siku hizi hapendi kuwa nje kukiwa na giza, wala kuachwa peke yake ndani ya ile nyumba.

Babangu ana punda wa kubeba mawe ya matumbawe, miaka tisa sasa. Kuna uchochoro mmoja Mkomani nyuma ya nyumba iliyohamwa, mchana punda anapita na mzigo bila neno, ikiadhiniwa magharibi anasimama. Unavuta, unasukuma, masikio kayalaza nyuma, macho yako pale pale kwenye mlango. Punda hajasimuliwa hadithi yoyote, mwalimu.