Tupeane uzoefu: mchezo gani ulikufundisha uongozi wa kanisa?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za kupiga mbio na taji iharibikayo, walimwelewa haraka: Michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao kila baada ya miaka 2, na mshindi alivikwa taji la majani. Mliowahi kucheza na sasa mnahudumu, tusimuliane.

Naanza mimi. Shuleni nilikimbia mbio za kupokezana vijiti, mita 100 kila mmoja. Anayepokea huanza kukimbia kabla hajashika kitu, mkono kaunyoosha nyuma. Anayetoa haachii mpaka mwenzake awe amekamata. Yote hayo ndani ya mita 30. Mkipitiliza, timu nzima inatolewa hata kama mliongoza.

Mtunza hazina wa usharika wetu alipokaribia kumaliza muhula, baraza la wazee lilimteua mrithi mapema. Kila baada ya ibada walikaa meza moja: mmoja anafungua bahasha za ahadi na kusoma namba ya msharika, mwingine anaandika daftarini, kisha wanabadilishana. Jumatatu walikwenda benki pamoja. Mama yule alipotoka, hesabu hazikuyumba hata kidogo. Kwingine nimeona mzee akishika kila kitu hadi kufa, funguo za kasha zikatafutwa msibani. Inauma.

Mwanakwaya, Eldoret: Amina mtumishi. Mimi namtazama Kipchoge, mkimbiaji wetu wa marathoni, kule Vienna 2019. Zile saa 1:59:40 za marathoni alizikimbia yeye, lakini wanariadha 41 walimwekea kasi kwa zamu, wengine mbele wakimkinga upepo. Mchungaji wetu alikuwa akienda peke yake kila matanga na kila wodi, Jumapili anapanda madhabahuni sauti imekauka. Wazee wakapanga zamu za hospitali, sisi kwaya tukachukua matanga, yeye anakuja siku ya mazishi. Mahubiri yake sasa yana kina, na mkewe alitushukuru mbele ya kanisa.

Mwalimu wa shule ya Jumapili, Mbulu: Naomba kutofautiana kidogo. Timu humweka benchi asiyefanya vizuri. Kanisa likiiga hilo linaumiza watu. Kiongozi mmoja wa vijana alimwondoa kijana mwenye kigugumizi kwenye zamu ya kusoma Neno, eti ibada inachelewa. Tukamrudisha. Alisoma Zaburi ya 23, akakwama sana kwenye bonde la uvuli wa mauti, na hakuna aliyemmalizia sentensi. Sisi wa huku tuna John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni kwenye Olimpiki ya Mexico 1968: goti limefungwa bandeji, akamaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Huyo ndiye tunayewasimulia watoto.

Mama wa umoja wa wanawake, Dodoma: Swali kwa mleta mada. Asiyetaka kuachia kijiti mnamfanyaje? Kwetu yuko mmoja, na tunampenda.

Mleta mada: Mama, muhula uandikwe na usomwe mkutanoni mapema kabla ya uchaguzi, asione kama analengwa yeye. Halafu mpeni mtu wa kumfundisha, mtajeni kwa jina. Wengi hung'ang'ania kwa hofu kwamba kazi itaharibika. Kwetu yule mama bado tunamwita hesabu za mwaka zikifungwa, ila sahihi anatia mwingine.