Naombeni ushauri: mume wangu ameacha kupiga mswaki

Neema ya Asubuhi: Wakuu, habari za muda huu. Mume wangu kaacha kupiga mswaki. Nikimkumbusha anasema "nitapiga", halafu huyo kalala. Fizi zimevimba, zinatoka damu, harufu ndiyo usiseme. Nimemnunulia mpaka uzi wa meno, hata kuufungua hajaufungua. Nimsaidieje bila kumkwaza?

Mzee wa Ukweli: Usafi ni sehemu ya imani. Mnawadekeza mno waume zenu. Mwambie wazi.

Kitunguu Swaumu: Busu kila akipiga mswaki 😂 Ataamka hata saa nane usiku.

Tulizo: Pole dada. Mimi nilimkimbia daktari wa meno miaka na miaka. Utotoni niling'olewa jino ganzi haijashika. Hadi leo nikisikia ile mashine, viganja vinalowa. Nilirudi nilipompata daktari aliyeniambia, "ukiinua mkono, nasimama." Mumeo ameacha tangu lini?

Neema ya Asubuhi: Muda kidogo.

Tulizo: Tangu nini?

Neema ya Asubuhi: Tangu mama yake afariki. Hata kuoga mpaka nimsukume. Lakini msiba ulishapita, na yeye ni mtu mzima. Nimeshamwita kaka yake aje amweke kikao, maana mimi hanisikilizi.

Tulizo: Dada, hilo ndilo ungeanza nalo! Hiyo inaweza kuwa sonona. Mtu anajua kabisa anachotakiwa kufanya, nguvu ya kunyanyuka ndiyo hana. Ukimwekea kikao cha meno, aibu itamfunga mdomo hata mbele ya daktari. WHO mwaka 2022 walisema watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Hayuko peke yake.

Jicho Kavu: Hii chai. Mswaki hapigi, damu umeiona wapi?

Neema ya Asubuhi: Kwenye foronya. Madoa ya rangi ya kutu upande anaolalia. Naziloweka kabla hajayaona. Nitunge hilo nipate nini?

Jicho Kavu: Nisamehe dada. Basi sikiliza: fizi kuvuja damu mara nyingi ni utando uliojikusanya pale jino linapokutana na ufizi. Damu isimtishe akazidi kuacha. Mswaki laini, dawa yenye floraidi, dakika 2, mara 2 kwa siku. Utando ukishakauka ukawa ugaga mgumu, mswaki hauutoi tena, ni daktari tu. Na akianzishiwa dawa za sonona, aulize kuhusu mate: nyingi hukausha kinywa, na kinywa kikavu huozesha meno upesi.

Kitunguu Swaumu: Utani wangu naufuta. Ukienda kupiga wako, mwite msimame wote pale bafuni. Usihubiri.

Neema ya Asubuhi: Nimewaelewa. Ila shemeji yuko njiani tayari. Nikimwambia arudi nitaonekanaje?

Tulizo: Aje. Aliyefariki ni mama yake pia. Wakae wamzungumze mama yao, habari za meno asiziguse.