Mama anakatwa dola 185 za Medicare kila mwezi (2025), pensheni haitoshi. Serikali inasaidiaje?

Mkaaji_wa_Columbus:
Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaoyajua makaratasi ya Marekani. Mama ana miaka 68, ni mjane, raia, anaishi Columbus, Ohio. Kila mwezi Social Security, yaani pensheni ya serikali, inamwekea dola 1,290 benki. Ana Medicare ya kawaida, ile bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, Sehemu A ya hospitali na Sehemu B ya madaktari (kwenye barua wanaandika Part A na Part B). Dawa za presha na sukari ananunua kwa bima ya dawa ya Sehemu D. Akiba iko kwenye akaunti ya pamoja na dada yangu, jumla dola 11,800. Ana gari moja, nyumba amepanga. Tumesikia kuna programu inayolipa ile 185. Je, anaingia? Tuanzie ofisi gani?

Pwani_Ohio:
Anaingia, mkuu. Zinaitwa Medicare Savings Programs na ziko ngazi. Ya chini kabisa ni QMB, na kwa 2025 ukomo wake wa mapato kwa mtu mmoja ni dola 1,325 kwa mwezi. Mama ana 1,290, kwa hiyo ni QMB moja kwa moja. Hiyo ndiyo bora kuliko zote: inalipa 185, na daktari au hospitali haruhusiwi kumdai zile asilimia 20 za bili ambazo Sehemu B hailipi.

Shangazi_Makaratasi:
Pwani_Ohio, ngazi umezitaja vizuri, ila hesabu imeteleza mahali wengi wanapoteleza. Ofisi haiangalii kinachoingia benki. Inaangalia pensheni kabla ya makato. Kama 1,290 ni baada ya kukata 185 za Sehemu B, pensheni yake kamili ni 1,475. Na kama bima ya dawa nayo inakatwa humohumo, ongeza hiyo pia. Kiasi halisi kimeandikwa kwenye barua ya Social Security ya kila mwisho wa mwaka inayoeleza pensheni mpya. Barua hiyo ndiyo ya kushika, si taarifa ya benki.

Kwa 1,475 ngazi ni hizi, mtu mmoja, mwaka 2025: QMB mwisho 1,325, SLMB mwisho 1,585, QI mwisho 1,781. Kwa mke na mume ni 1,783, kisha 2,135, kisha 2,400. Viwango hivi tayari vina zile dola 20 ambazo serikali haizihesabu kwa kila mtu, kwa hiyo usizitoe tena. Alaska na Hawaii wana viwango vya juu zaidi, na vyote hupanda kila mwaka serikali inapotangaza mstari mpya wa umaskini.

Mama basi yuko SLMB. Wanalipa ile 185 ya Sehemu B, yaani dola 2,220 kwa mwaka 2025. Lakini SLMB inaishia hapo. Zile dola 257 (za 2025) za mwanzo wa mwaka kabla Sehemu B haijaanza kulipa, na asilimia 20 baada ya hapo, zinabaki kuwa zake. Nalirudia kwa sababu wengi hupata barua ya kukubaliwa, wakadhani daktari sasa ni bure, halafu bili ikawashtua. Akilazwa, aulize fomu ya msaada wa kifedha ya hospitali yenyewe. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu huo, ila mara nyingi hawakupi fomu mpaka uiombe.

Kama bado ana kibarua, mshahara unahesabiwa kwa huruma zaidi: dola 65 za kwanza hazihesabiwi, na kinachobaki kinakatwa nusu. Akipata 465 kwa mwezi, zinazohesabiwa ni 200 tu. Ndiyo maana msijiondoe kwenye foleni kwa kutazama jumla ya juu juu.

kalamu_nyekundu:
Kwangu mimi kinachotisha hapa si pensheni, ni akaunti. Ukomo wa akiba kwa QMB, SLMB na QI mwaka 2025 ni dola 9,660 kwa mtu mmoja na 14,470 kwa wanandoa. Akaunti ya pamoja kwa kawaida huhesabiwa yote kuwa ya mwombaji, mpaka mthibitishe vinginevyo. Kwa macho ya ofisi mama ana 11,800, amezidi kwa 2,140.

Kama sehemu ya hizo fedha kweli ni ya dada yako, leteni taarifa za benki zinazoonyesha mshahara wake ukiingia humo, barua fupi ya dada iliyosainiwa, kisha ahamishe zake kwenye akaunti yake. Tuseme 3,500 ni za dada, mama anabaki na 8,300 na tatizo limekwisha. Ila ziwe kweli za dada. Kuandika fedha za mama kwa jina la mtoto ili kuficha ni uongo kwa serikali, na mama akihitaji Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya nyumba ya wazee baadaye, wanapitia miezi 60 ya nyuma kutafuta fedha zilizogawiwa.

Njia halali ya kupunguza ni kutenga dola 1,500 kwa ajili ya mazishi yake, kwenye akaunti ya peke yake na jina lieleweke. Hizo hazihesabiwi. Nyumba anayoishi mtu, gari moja, vyombo vya ndani na kaburi lililonunuliwa pia havihesabiwi. Bima ya maisha huleta shida pale mikataba yake ya bima ikipita dola 1,500 kwa jumla na ina thamani ya kutolewa taslimu.

Na kiwanja cha nyumbani, kiwe Kigoma au Mombasa, kitajwe. Fomu inauliza mali isiyohamishika zaidi ya nyumba unayoishi, na haisemi Marekani tu. Linalopimwa ni kama mwenyewe ana haki ya kuiuza na kutumia fedha zake. Shamba la ukoo ambalo hawezi kuliuza bila ndugu kukubali ni jambo tofauti na kiwanja chenye hati ya jina lake. Ukiwa na la ukoo, pata barua ya maandishi kutoka huko, itafsiriwe.

Kuna majimbo yasiyouliza akiba kabisa kwa programu hizi: New York, Connecticut, Arizona, Alabama, Mississippi, na mengine. Connecticut na New York zimepandisha na ukomo wa mapato. Ohio haimo, kwa hiyo ushauri wa binamu aliyeko Bronx, New York, usiutumie Columbus.

Mkaaji_wa_Columbus:
Asanteni sana. Nimeangalia barua, kweli ni 1,475. Fedha za dada ziko humo na taarifa za benki tunazo. Sasa tunapeleka wapi? Na dawa je?

Shangazi_Makaratasi:
SLMB inaombwa jimboni, si Social Security. Ohio ni ofisi ya kaunti ya Job and Family Services, au mtandaoni benefits.ohio.gov. Ukifika useme unataka msaada wa malipo ya Medicare. Ukisema "Medicaid" peke yake wanaweza kupima Medicaid kamili, wakakataa, na ombi la SLMB likapotea njiani. Beba kadi ya Medicare, kitambulisho, barua ya pensheni, taarifa za benki za miezi mitatu za kila akaunti yenye jina lake, na ushahidi wa anwani. Chukua risiti yenye tarehe ya kupokelewa. Jimbo lina siku 45 za kujibu.

SLMB na QI zinaweza kurudi nyuma miezi mitatu kabla ya ombi kama alistahili wakati huo, kwa hiyo andikeni kwenye fomu kwamba mnaomba na miezi iliyopita: mara tatu 185 ni dola 555. QMB hairudi nyuma, inaanza mwezi unaofuata ule wa kukubaliwa. QI nayo ina fedha za mwaka, anayewahi ndiye anayepata, na waliokuwa nayo mwaka jana wanatangulia.

Baada ya kukubaliwa, 185 itaendelea kukatwa miezi miwili au mitatu wakati jimbo na Social Security wanaandikiana. Msiogope, Social Security inazirudisha kwa mkupuo.

Dawa sasa. Mwenye QMB, SLMB au QI anapata Extra Help, msaada wa gharama za dawa za Sehemu D, bila kuomba. Kwa 2025 atalipa si zaidi ya dola 4.90 kwa dawa isiyo na jina la kampuni na 12.15 kwa yenye jina, na gharama zake zikifika dola 2,000 kwa mwaka halipi tena. Barua ya kumjulisha huwa ya rangi ya zambarau. Aiweke, duka la dawa likimtoza bei ya zamani, aionyeshe.

Kama SLMB itakwama kwa ajili ya akiba, aombe Extra Help peke yake Social Security kwa fomu SSA-1020 au kwa simu 1-800-772-1213. Ukomo wake ni mpana zaidi: kwa 2025, mapato 23,475 kwa mwaka na akiba 17,600, mtu mmoja. Hapo hata 11,800 yote inapita. Pia Extra Help haihesabu msaada wa watoto wanaolipia kodi na chakula cha mzazi, wala bima ya maisha. Fedha taslimu mnazompa mkononi kila mwezi ni habari nyingine, hizo ni mapato. Mkipiga simu, semeni "Swahili interpreter" mwanzoni kabisa. Mkalimani ni bure, na hakuna haja ya mjukuu kutafsiri mambo ya benki ya bibi yake.

Mgeni_Texas:
Samahani kuingilia. Mzee wa miaka 71, grini kadi tangu 2018, alidhaminiwa na mtoto, hajawahi kufanya kazi Marekani. Kaambiwa Sehemu A ni dola 518 kwa mwezi. Ni kweli?

kalamu_nyekundu:
Kwa 2025 ni kweli, kwa asiyefikisha alama 30 za kazi. Mwenye alama 30 hadi 39 analipa 285, na mwenye 40, kama miaka kumi ya kazi, halipi. Kwanza uliza kuhusu mke: kama ana angalau miaka 62, ana alama 40, na ndoa imetimiza mwaka, mzee anapata Sehemu A bure kupitia kwake. Watu wamelipa mamia ya dola bila kuuliza swali hilo.

Kama mke hana, mwenye grini kadi aliyekaa mfululizo miaka mitano anaweza kujiunga kwa kulipa, na QMB ndiyo programu pekee kati ya zile tatu inayolipa hiyo 518. Aende Social Security aombe Sehemu B na Sehemu A "ya masharti", yaani aandikiwe kwamba anaitaka Sehemu A ikiwa tu QMB itailipa. Neno hilo lisipoandikwa, ataanza kupokea bili. Kisha achukue uthibitisho akaombe QMB jimboni. Majimbo hayafanani: katika mengine ombi la Sehemu A linapokelewa Januari 1 hadi Machi 31 tu. Faini ya kuchelewa Sehemu B, asilimia 10 kwa kila miezi 12, inafutwa jimbo likianza kumlipia.

Kuna fundo moja. Aliyedhaminiwa kwa fomu I-864, ofisi inaweza kuhesabu mapato ya mdhamini kana kwamba ni yake, mpaka awe raia au afikishe alama 40. Kwa wazee wengi wa aina hii uraia ndio unaofungua mlango, kuliko kubishana dirishani.

Pwani_Ohio:
Niongeze kwa ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, hasa Wakongomani. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya wanaostahili Medicare. Walio nayo tayari watakatwa kufikia Januari 4, 2027 kama hali yao haijabadilika. Wenye grini kadi wamebaki. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja. Mzee ambaye faili lake limelala kabatini lifufuliwe sasa.

Mkaaji_wa_Columbus:
Swali la mwisho. Akishapata, ni ya kudumu?

Shangazi_Makaratasi:
Hapana, jimbo linapitia upya kila mwaka. Wengi hawaipotezi kwa mapato kuzidi, bali fomu ilikwenda anwani ya zamani. Akihama, anwani ibadilishwe kote kuwili, kaunti na Social Security. Ofisi moja haimwambii mwenzake. Januari pensheni ikipanda kidogo, nyongeza hiyo haihesabiwi mpaka viwango vipya vya mwaka vianze kutumika, kwa hiyo mkikatwa Januari kwa sababu hiyo, kateni rufaa. Muda wa rufaa umeandikwa kwenye barua yenyewe.

Septemba angalieni sanduku la barua. Ikija ya kijivu, maana yake Extra Help ya moja kwa moja inaisha mwisho wa mwaka, na ndani yake mna fomu ya kuomba upya. Ya bluu, mwishoni mwa Oktoba, inasema atahamishiwa bima nyingine ya dawa kwa sababu yake itaanza kutoza malipo ya mwezi. Hapo dawa zake ziangaliwe moja moja kwenye orodha ya bima mpya kabla ya Desemba kwisha. Ohio kuna OSHIIP, washauri wa Medicare wa bure walio chini ya idara ya bima ya jimbo. Hawauzi bima, na kazi hiyo ya kulinganisha wanaifanya kwa simu.