Mrejesho: Printa iliyogoma baada ya kubadilisha ruta

Wakuu, niliuliza kuhusu printa ya stesheneri yetu hapa Masasi, iliyogoma mara tu tulipofunga ruta mpya (kile kifaa kinachogawa mtandao). Sasa inachapa, ahsanteni sana.

Aliyesema niangalie anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, alilenga penyewe. Ruta ya zamani iligawa anwani za 192.168.1, hii mpya inagawa za 192.168.0. Printa ilikuwa imewekewa anwani ya kudumu, ikabaki kwenye mtandao ambao haupo tena. Kufuta draiva (programu ya kuendeshea printa) na kuipakia upya kusingesaidia kitu. Nilichapa ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe (hapo ndipo tatizo lilipoonekana wazi), nikairuhusu ipokee anwani kutoka kwenye ruta, kisha nikaitengea anwani hiyo humo humo kwenye ruta isije ikabadilika. Kwenye Windows nikaongeza poti mpya ya TCP/IP, yaani njia ambayo kompyuta inaifikia printa kupitia mtandao, maana ile ya zamani bado ilielekea kwenye anwani ya zamani.

Na aliyeshauri nitumie kebo ya USB kwa muda, Mungu akubariki. Msimu wa korosho huu, watu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) hawawezi kusubiri fomu zao.

Imebaki kompyuta ya pili. Nitaiwekea poti hiyohiyo leo tukishafunga.