Tupeane uzoefu: kuanza kujifunza kupanda farasi hapa Uganda

Ndugu zangu, salaam. Kila nikisema najifunza kupanda farasi, swali la kwanza huwa "kwani Uganda kuna farasi?" Wapo. Munyonyo wapo, upande wa Entebbe wapo, Jinja wanatembeza wageni kando ya Nile, na kule Ziwa Mburo watu wanawapanda katikati ya pundamilia. Si wengi, kwa sababu mbung'o na ugonjwa wa nagana anaoueneza vimekuwa adui wa farasi tangu zamani. Waliopita njia hii naomba mseme siku zenu za kwanza zilikuwaje, ili anayetaka kuanza ajue anachoendea. Naanza mimi.

Somo langu la kwanza sehemu kubwa lilikuwa chini, si mgongoni, na hilo ndilo ningependa kila mgeni alijue mapema. Nilifundishwa kumwendea farasi kwa ubavuni, usawa wa bega, huku nikimsemesha. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Ukimtokea nyuma kimya kimya unamtisha, na farasi aliyetishwa hupiga teke kwanza. Nikampiga brashi mwili mzima, nikainua kwato moja moja kuzitoa matope na vijiwe, nikamwongoza kwa kamba kuzunguka uwanja. Nikaonyeshwa masikio: yakielekea mbele, anafuatilia kitu, yakilazwa nyuma kabisa, amekasirika, mpe nafasi. Naipenda sana sehemu hii hadi leo. Mahali ambapo mwalimu anakurusha juu dakika ya kwanza bila hata kukutambulisha kwa mnyama, mimi singerudi.

Kupanda kwenyewe ni kwa upande wa kushoto, unasimama juu ya kigoda ili usimvute mgongo. Mwalimu alibaki katikati ya uwanja ameshika kamba ndefu, farasi anamzunguka. Kazi yangu ilikuwa kukaa tu: sikio, bega, nyonga na kisigino viwe mstari mmoja, visigino vishuke, macho yatazame mbele. Yaonekana rahisi. Lakini ngozi ya farasi inahisi hata nzi akitua, kwa hiyo ukijikaza mapaja yeye anajua, na ukishusha pumzi pia anajua. Mwalimu aliniambia, "Nnyabo, pumua," nikapumua, na farasi akapunguza mwendo bila kuvutwa hatamu. Hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu.

Karibuni.

Kijana wa Jinja: Asante dada kwa kuanzisha. Mimi nizungumzie telki, ule mwendo wa mbio za polepole, maana ndipo wengi wanapokata tamaa. Mwendo wa kawaida unakubembeleza. Telki inakurusha. Miguu ya farasi inakwenda miwili miwili kwa mshazari, tak-tak, tak-tak, na wewe unatakiwa kuinuka pigo moja na kukaa pigo linalofuata. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: ukikosa zamu yako, mchi unagonga mchi. Nilisaidika kwa kuhesabu "moja, mbili" kwa sauti bila kuona haya. Kesho yake mapaja ya ndani yaliuma hata kushuka kwenye boda ilikuwa shughuli. Ni kawaida, yanaisha. Hatamu nazo si za kujishikilia: mwisho wake kuna chuma kilicho mdomoni mwa mnyama. Ukiyumba, shika nywele za shingoni au sehemu ya mbele ya tandiko.

Mama Wawili, Ntinda: Nguo. Jinzi zenye mshono mnene ndani zitakuchubua. Taiti nzito ni nafuu. Kiatu kiwe cha kufunika mguu, kina kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku cha kukanyagia ukanaswa. Sandali hapana. Kofia iwe ile ya kupandia farasi na ikukae sawasawa, si ya boda. Wenye kusuka, fungeni nywele chini kisogoni, fundo lisikae ndani ya kofia. Binti yangu mkubwa anavaa hijabu: kitambaa chembamba kinachobana, bila pini, kofia juu yake, na hajawahi kupata shida.

Mgeni: Wakubwa, mimi nina mwili. Watanikubali?

Mzee wa Munyonyo: Uliza kabla ya kwenda, ssebo, si jambo la kuonea haya. Kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, pamoja na tandiko. Farasi wa kilo 450, basi, mwisho ni kilo 90 vyote kwa pamoja. Vituo vingi vina kikomo chao, na kinategemea farasi waliopo.

Dada wa Makindye: Niseme la kuanguka, maana halikwepeki milele. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ilipeperushwa na upepo, farasi akaruka pembeni, mimi nikabaki hewani. Bahati nzuri tulikuwa tumefundishwa kutoa miguu kwenye vikuku na kuachia hatamu. Nilitoka na bega lililovimba. Kilichoniudhi ni kwamba kituo kile (sikitaji) hakikuwa hata na sanduku la huduma ya kwanza. Siku ya kwenda kuangalia mahali, ombeni kuliona kwa macho. Na kofia iliyopigwa chini kwa nguvu haifai tena, hata kama haionyeshi ufa.

Kijana wa Jinja: Pole sana dada. Niongeze mvua: Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba uwanja unakuwa tope, na ngurumo zikianza somo linasimama. Ulizeni mapema kama somo lililokatizwa linafidiwa.

Mgeni: Nashukuru sana. Na Ziwa Mburo, anayeanza anaruhusiwa?

Mwanzisha mada: Ndiyo, wanaoanza huchukuliwa safari fupi za mwendo wa kawaida na kiongozi. Kule hakuna tembo, na pundamilia na pofu hawakimbii sana wakiona farasi, unawakaribia kuliko ukiwa ndani ya gari. Nyati wapo, kwa hiyo kiongozi ndiye anayeamua njia. Safari ndefu za kwenda shoti subiri hadi telki ikukae mwilini. Ukipiga simu kuweka nafasi, mwambie uzito wako na kiwango chako kama vilivyo. Ndivyo anavyotumia kukuchagulia farasi.